Kuzipa Sehemu Rangi Moja: Hesabu za Maduka ya Kilosa na Mikumi

Vitabu vya kumbukumbu kama hiki vina mpangilio wake unaojulikana. Huanza na picha za waasisi, zikafuata orodha za wafadhili, kisha habari za jinsi murti zilivyoletwa na kengele zilivyotundikwa. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine, na walioyaandika wameyaandika vizuri kuliko ambavyo tungeweza sisi. Tulipoombwa na kamati kuchangia sura ya historia, tulichagua jambo lisilo na picha: namna wazee wetu wa Kilosa na Mikumi walivyozishughulikia hesabu zenye nusu, robo na thuluthi, na namna ujuzi huo ulivyokaa baina yao na majirani zao, mara nyingine kama daraja, mara nyingine kama ukuta.

Kilichotusukuma ni aibu ndogo iliyotupata wenyewe. Katika maandalizi ya sherehe hizi tulikubaliana kukarabati paa na baraza ya hekalu. Thuluthi moja ya gharama itoke katika mfuko wa hekalu. Robo itolewe na familia za Mikumi. Humusi itolewe na ndugu zetu waliohamia Dar es Salaam na ng'ambo. Na kitakachobaki kibebwe na familia za Kilosa. Familia za Kilosa zikasema wazi kwamba uwezo wao ni shilingi 2,600,000 na si zaidi, na kazi nzima ipangwe kwa kufuata kiasi hicho. Swali likawa: kazi nzima ni ya shilingi ngapi?

Mmoja wetu, aliyeshika vitabu vya hesabu kwa miaka mingi, akaandika mlinganyo papo hapo. Gharama yote akaiita x. Basi x ni sawa na thuluthi ya x, pamoja na robo ya x, pamoja na humusi ya x, pamoja na 2,600,000. Akatafuta kigawe kidogo cha shirika cha 3, 4 na 5, yaani 60, akazidisha, akapata 60x upande mmoja, na upande wa pili 20x na 15x na 12x na 2,600,000. Akaondoa 47x kutoka 60x, zikabaki 13x, akagawanya, akatangaza kwa sauti ya kujiamini kwamba kazi nzima ni ya shilingi 200,000.

Kikao kikanyamaza. Inawezekanaje jumla iwe ndogo kuliko fungu mojawapo? Ndipo mzee wetu mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwa Kigujarati kilichochanganyika na Kiswahili: “Umezipa rangi moja tatu, ya nne umeiacha.” Alimaanisha kwamba zile sehemu tatu zilizidishwa kwa 60, lakini namba nzima, 2,600,000, ikasahauliwa mlangoni. Nayo ilipozidishwa kwa 60 kama wenzake, jibu likawa shilingi 12,000,000. Thuluthi yake ni 4,000,000, robo ni 3,000,000, humusi ni 2,400,000, na kinachobaki ni 2,600,000 kamili.

Tulimwuliza mzee maneno hayo ya “rangi moja” ameyatoa wapi. Akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na baba yake, naye hakujua zaidi. Basi sisi tukatafuta.

Maneno hayo ni ya zamani kuliko maduka yote ya Afrika Mashariki. Katika Kisanskriti, kuzigeuza sehemu zenye asili mbalimbali ziwe na asili moja huitwa savarnana, na varna ni rangi. Savarna ni yenye rangi ileile. Mahavira, mwanahisabati wa dini ya Kijaini wa karne ya 9, aliipa sura nzima ya kitabu chake jina hilo, na humo alieleza jinsi ya kupunguza kazi kwa kutumia kigawe kidogo cha shirika badala ya kuzidisha asili zote ovyo. Mtoto wa darasa la sita Mikumi anayeandika “KDS” kwenye daftari lake anafanya kazi ya Mahavira, ingawa hakuna aliyemwambia.

Mlinganyo wenyewe wahenga wa hesabu waliuita samikarana, yaani kufanya vitu viwe sawa. Kiswahili nacho, bila kuazima kwa yeyote, kimechukua njia ileile: mlinganyo hutokana na kulingana. Brahmagupta, mwaka 628, alieleza kanuni ambayo kwa maneno yetu ni hii: kiasi kisichojulikana kikiwa pande zote mbili, chukua tofauti ya namba tupu, uigawanye kwa tofauti ya hesabu za kile kisichojulikana, ukizichukua kwa mpangilio uliogeuzwa. Ndicho alichofanya mshika vitabu wetu alipoondoa 47x kutoka 60x. Hapo hakukosea. Alikosea kabla ya hapo, kwenye rangi.

Mwaka 1150 Bhaskara aliandika Lilavati, kitabu kilichosomwa India kwa karne nyingi na kutafsiriwa kwa Kiajemi mwaka 1587 kwa amri ya mfalme Akbar. Humo limo swali ambalo wasomaji wa kitabu hiki watalipenda, kwa sababu ni swali la sadaka. Mtu ana maua ya myungiyungi. Thuluthi anamtolea Shiva, humusi anamtolea Vishnu, sudusi anamtolea Jua, robo anamtolea Bhavani, na maua sita yaliyobaki anampa mwalimu wake. Yalikuwa maua mangapi?

Bhaskara hakuhitaji x. Alitumia njia ya kudhani: chukua namba yoyote upendayo, ifanyie yote yaliyosemwa, kisha ulinganishe. Tuseme maua yalikuwa 60. Shiva anapata 20, Vishnu 12, Jua 10, Bhavani 15. Jumla 57, yanabaki matatu. Lakini tumeambiwa yamebaki sita, ambayo ni mara mbili ya matatu. Basi maua yalikuwa mara mbili ya 60, yaani 120. Aliyezoea kuchagua vizuri hudhania namba ambayo asili zote zinaigawa bila kubakiza. Na namba hiyo ndiyo rangi moja. Wazee wetu wengi walikokotoa kwa njia hii maisha yao yote bila kuandika herufi hata moja. Msomaji ataona pia kwamba swali la ukarabati wetu ni ndugu wa swali la Bhaskara: sadaka imegawanywa kwa sehemu, kikabaki kiasi kinachojulikana, na jumla ndiyo imejificha.

Sasa tuje pwani, na kutoka pwani tupande bara.

Katika karne ya 19 ushuru wa forodha wa Unguja ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, Wahindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch. Kwa mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sultani na Marekani, ushuru wa bidhaa uliwekwa kuwa asilimia tano, yaani sehemu moja ya ishirini. Tafakari hesabu ya kila siku ya makarani wa forodha. Mfanyabiashara amekwisha kukatwa, mzigo wake uliobaki una thamani ya riale 1,900. Ulikuwa wa thamani gani kabla ya kukatwa? Asiyejua huongeza sehemu ya ishirini ya 1,900, akapata 1,995, akakosea. Anayejua husema: kilichobaki ni sehemu kumi na tisa za ishirini, basi kila sehemu ni riale 100, na mzigo ulikuwa wa riale 2,000. Riale tano za tofauti zaonekana chache. Zidisha kwa majahazi ya msimu mzima.

Misafara ya kwenda Tabora ilipanda kwa bonde la mto Mkondoa, katika nchi ya Wasagara na Wakaguru, na vitambaa na shanga vilivyobebwa vilitolewa mara nyingi kwa mali kauli, mali inayotolewa leo kwa neno la mtu na kulipwa atakaporudi. Fungu la mkopeshaji, la mwenye msafara na la wapagazi yote yalikuwa sehemu. Kisha ikaja reli ya Wajerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na Kilosa ikawa kituo kikubwa katikati ya mashamba ya pamba na mkonge yaliyoenea mpaka Kimamba. Nyuma ya reli yakaja maduka. Mikumi, iliyopata jina lake kwa ile miti ya mikumi iliyosimama mbugani, ilikuwa bado kijiji; biashara yake ilikuja kuchangamka baadaye, kwa barabara ya Morogoro hadi Iringa na kwa reli ya tawi itokayo Kilosa kwenda Kidatu.

Maduka hayo yalifunguliwa wakati pesa zenyewe zilikuwa zikibadilika, na hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa kuwa hapa ndipo historia yetu ilipo nzito.

Rupia ya zamani ilikuwa na pesa 64. Namba 64 ni rafiki wa anayegawa kwa nusu: nusu yake 32, robo 16, thumni 8, nusu ya thumni 4, mpaka kufikia pesa moja bila kipande kubaki. Vichwa vya wazee wetu vilikuwa vimefundishwa kwa namba hiyo. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliamuru rupia iwe na heller 100. Nusu ikawa heller 50, robo 25. Hapakuwa na tatizo. Thumni ikawa heller 12 na nusu, na kwa bahati sarafu ya nusu heller ilitengenezwa. Lakini nusu ya thumni, kipimo kilichozoeleka cha chumvi au cha sindano na uzi, ikawa heller 6 na robo, na sarafu ya robo heller haikuwapo.

Mwenye duka afanye nini? Akipokea heller 6, anapoteza robo. Akidai heller 6 na nusu, mteja ndiye anayepoteza. Robo heller ni kitu kidogo sana, lakini hesabu haijali udogo: mteja atakayenunua mara 16 kwa heller 6 na nusu atakuwa ametoa heller 104 kwa kitu cha rupia moja. Hatuna haja ya kusema nani alifanya nini. Kila aliyewahi kusimama nyuma ya mizani anajua upande ambao robo huelekea kuangukia.

Juu ya hayo palikuwa na mark ya Ujerumani, ambayo 20 zilikuwa sawa na rupia 15. Mshahara ukitajwa kwa mark na kulipwa kwa rupia, mtu alipaswa kuchukua robo tatu ya namba aliyotajiwa. Wakati wa vita, mwaka 1916, zilipigwa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, na leo watozi wa sarafu huzigombania. Kwa mwenye duka wa Kilosa zilikuwa njia ghali mno ya kuandika robo tatu ya 20. Waingereza walipokuja, baada ya florini iliyodumu muda mfupi, ikaja shilingi, na rupia ikahesabiwa kuwa shilingi mbili. Thumni ya rupia ikawa senti 25 kamili. Neno lenyewe likabaki katika Kiswahili kwa umbo la sumuni, likahamia kwenye sarafu ya senti 50, ingawa senti 50 si thumni ya shilingi kwa namna yoyote. Maana yake ya asili ni thumni ya riale, na riale ilikuwa imekwisha kusahauliwa. Lugha huwa na kumbukumbu ya pesa kuliko benki.

Wazee waliyakabilije mabadiliko hayo? Kwa majedwali ya kichwani. Mtoto wa Kigujarati hakufundishwa kuzidisha namba nzima peke yake. Alikariri pia jedwali la pa, ambayo ni robo; la ardho, nusu; la pono, robo tatu; la sava, moja na robo; la dodh, moja na nusu; na kwa wenye vichwa vigumu, la utha, tatu na nusu. Saba kwa pono, tano na robo. Saba kwa dodh, kumi na nusu. Saba kwa utha, ishirini na nne na nusu. Baadhi yetu tuliimba haya tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mahindi, na watoto wa majirani waliokuja kucheza walikuwa wakicheka mpaka machozi tulipofika kwenye pono, kwa kuwa kwao pono ni samaki, tena samaki wa usingizi. Mzee mwenye duka alimaliza hesabu kabla mteja hajafunga kanga yake vizuri. Ilipendeza kumwona. Sava yenyewe ilikuwa na baraka: hata leo, tunapofungua vitabu vipya vya hesabu katika ibada ya Diwali, tunaandika dua ya faida ya moja na robo, na wapo kati yetu wanaotoa sadaka kwa kipimo hichohicho.

Lakini ujuzi wa kichwani una kasoro moja: haumwonyeshi mteja kitu. Yeye husikia jibu tu. Na Kigujarati chenyewe kinakiri, kwani kumfundisha mtu jedwali la utha, katika usemi wa kila siku, maana yake ni kumlaghai. Hatukulitunga sisi neno hilo, wala hakulitunga mteja. Lilitungwa na wenye maduka, kwa lugha ya wenye maduka, na tunaona ni uungwana kulitaja katika kitabu cha hekalu letu kuliko kulifunika.

Vitabu vyao navyo vilikuwa vimefungwa kwa namna yake. Robo iliandikwa kwa kijistari kimoja cha wima mbele ya rupia, nusu kwa vijistari viwili, robo tatu kwa vitatu. Mwandiko huo ni wa haraka na wa kupendeza, lakini kwa asiyeujua ni kama nyayo za kuku. Mwaka 1923, serikali ya Tanganyika ilipoleta sheria mpya za leseni na kodi ya faida, wafanyabiashara wa Kihindi nchini walifunga maduka kupinga. Mojawapo ya malalamiko lilikuwa sharti kuhusu lugha ya vitabu vya hesabu, kwani vyao vilikuwa vya Kigujarati. Tumezoea kuisimulia habari hiyo kama habari ya kudhulumiwa, na dhuluma ilikuwamo: sheria ilimlenga mtu mdogo asiyeweza kumlipa karani wa Kiingereza. Lakini tukiwa watu wazima sasa, tunajiuliza pia swali la upande wa pili wa kaunta. Mkulima wa pamba aliyekopa mbegu na kitambaa, ambaye deni lake liliandikwa kwa vijistari, alikuwa na njia gani ya kujua kama kijistari cha tatu kilikuwapo siku aliyokopa?

Ni haki kusema kwamba majirani nao hawakuwa wageni wa sehemu. Waislamu wa Kilosa walikuwa nazo katika mirathi, tena kwa majina yaliyoingia katika Kiswahili chenyewe: thuluthi, robo, sudusi, thumni. Muhammad al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu na mwaka 820 kile kitabu ambacho neno aljebra limetokana nacho, alitumia kurasa nyingi za kitabu hicho kwa maswali ya wasia na urithi. Mwanahisabati huyohuyo ndiye aliyewaandikia Waarabu juu ya namba za Kihindi. Hivyo njia mbili zilizoachana India na Baghdad zilikutana tena kwenye baraza za Kilosa. Chukua mfano. Mtu amefariki, ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Mke anapata thumni, mama sudusi, kinachobaki ni cha mtoto, naye amepokea shilingi 3,400. Mali yote ilikuwa kiasi gani? Rangi moja ya 8 na 6 ni 24. Mke ana tatu, mama ana nne, jumla saba. Mtoto ana kumi na saba. Shilingi 3,400 kwa kumi na saba ni 200 kila fungu, na mali yote ni 4,800. Mke 600, mama 800. Shehe na Baniani wangekaa benchi moja wakakubaliana neno kwa neno, kila mmoja akiamini kwamba njia ni ya wazee wake.

Kilichoyaua majedwali ya pono na dodh ni shule, na hatusemi hivyo kwa kulaumu. Mwaka 1962 mfumo wa shule za kibaguzi ulikomeshwa. Shule za Kihindi zikafunguliwa kwa watoto wote, na baadaye Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi. Kisha ikaja sheria ya majengo ya mwaka 1971, na familia nyingi za miji midogo kama yetu zikafunga maduka zikaondoka. Watoto waliobaki walijifunza sehemu kwa kiasi na asili, na milinganyo kwa x. Wazee walinung'unika kwamba watoto wanatumia nusu ukurasa kwa jambo la kupepesa jicho. Ni kweli. Ila nusu ukurasa huo unasomeka. Kila mstari wake unaweza kukaguliwa na mtu yeyote aliyekaa darasa hilohilo, awe mwana wa mwenye duka au mwana wa mteja.

Na kukagua ndiko wanafunzi wanakokuruka, kama tulivyokuruka sisi kikaoni. Wanaotusomea watoto wao nyumbani watuvumilie tukiurudia utaratibu mara moja. Tafuta namba ambayo asili zote zinaigawa. Zidisha kwa namba hiyo kila kilichomo, upande wa kulia na wa kushoto, chenye sehemu na kisicho na sehemu. Hapa ndipo wengi huanguka. Kusanya vyenye x upande mmoja, namba tupu upande wa pili. Gawanya. Kisha rudisha jibu kwenye swali la mwanzo, si kwenye mstari wa pili uliouandika wewe, maana mstari wa pili huenda ndio wenye kosa. Mshika vitabu wetu angerudisha zile 200,000 kwenye swali la mwanzo, angeona familia za Kilosa zinachangia mara kumi na tatu ya gharama yote.

Tulipomaliza, tuliamua hesabu ya ukarabati ibandikwe ukutani kwenye baraza, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mahali ambapo kila apitaye ataiona. Baadhi walipinga. Walisema mambo ya fedha za hekalu si ya barabarani. Tulishinda kwa kura chache.

Karatasi hiyo ilikuwa na mstari mmoja kuhusu fundi aliyejenga paa, jirani yetu wa siku nyingi. Malipo yake yote yalikuwa shilingi 2,100,000. Alipewa nusu mwanzoni na thuluthi paa lilipofunikwa, na sisi tuliandika kwamba anatudai 300,000. Siku ya tatu alikuja akiwa ameshika penseli. “Shikamooni, wazee wangu,” alisema, “samahanini, karatasi yenu naiona ina kasoro.” Akaandika chini ya mstari wetu: nusu ya x, jumlisha thuluthi ya x, jumlisha 300,000, ni sawa na x. Akazidisha kila kitu kwa 6, na 300,000 hakuisahau. Ikatoka x ni 1,800,000. “Mapatano yetu hayakuwa hayo,” alisema. Kisha akaanza upya na 2,100,000: nusu 1,050,000, thuluthi 700,000, kinachobaki 350,000.

Tulifuta 300,000 kwa kalamu nyekundu, tukaandika 350,000, tukamlipa jioni ile ile. Karatasi bado ipo pale ukutani, pamoja na maandishi yake ya penseli.